Mota Inayozima Katikati ya Ziwa

Mbugani, Kyela
14 Januari 2025

Kwa Mama Jubilate, mkamwana wangu mheshimiwa,
Mtwara.

Ndaga. Ni matumaini yangu kwamba waraka huu utakukuta katika siha njema, wewe pamoja na mjukuu wangu Jubilate, ambaye nimearifiwa kwamba meno yake mawili ya mbele yameng'oka na sasa kila neno lake linatoka na mluzi. Sisi huku hatujambo. Mama mkwe wako Keziya naye hajambo, isipokuwa ulimi wake, ambao haujapata likizo tangu nilipomwoa. Mpunga umesimama vizuri. Mume wako Aliko, tangu alipotoka kwako mwezi wa Septemba kuja kununua mchele, yupo huku katika shughuli zake.

Baada ya salamu hizo, naomba ruhusa ya kuingia katika kiini cha waraka.

Utashangaa kupokea barua kutoka kwangu. Unafahamu kwamba kwa mila yetu Wanyakyusa, mkwe mwanamume na mkamwana hawaonani, hawaketi pamoja, wala hawapishani njiani bila mmoja wao kujitupa migombani. Tangu ulipoolewa tumeitimiza mila hiyo kwa ukamilifu. Mimi ninakufahamu kwa kisigino tu, siku ile ulipochelewa kupinda kona ya jiko. Simu nimeikataa, kwa kuwa sauti ya mtu ni sehemu ya mtu. Lakini jambo hili nimelitafakari kwa kina, na nimeridhika kwamba wazee waliokataza macho hawakuitaja karatasi.

Suala lenyewe ni hili. Bwana Badru, mwenye duka la jumla hapa Mbugani, ambaye babu yake alitoka Bagamoyo na yeye hachoki kutukumbusha, alinunua boti iliyokwisha kutumika huko pwani, akaileta kwa lori hadi Itungi. Ndani yake imo mashine inayogeuza maji ya bahari kuwa maji ya kunywa. Nilimweleza kwa heshima kwamba Ziwa Nyasa halina chumvi tangu lilipoumbwa. Akanijibu, "Fundi, mashine imekuja na boti. Unataka niitupe? Itachuja vijidudu." Kisha akaandika ubavuni kwa rangi nyekundu: MAJI SAFI YA KUNYWA NDANI. Mimi akaniteua kuwa Fundi Mkuu, na akanishonea ovaroli yenye cheo hicho mgongoni, kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara.

Mkamwana, cheo hicho nimekingoja tangu nilipoanza kusuka nyaya za mota za mashine za kukoboa mpunga, kazi niliyojifunza mwenyewe kwa kuunguza vidole. Lakini mota inayozungusha pampu ya shinikizo kubwa inanidhalilisha. Inawaka, inanguruma, kisha inazima yenyewe, na abiria wanasoma mgongo wangu na kucheka. Nimebadilisha fyuzi. Nimeipandisha rilei inayoilinda mota hadi mwisho wa alama zake. Nimeifunika mota blanketi isipatwe na unyevu. Nimeisemesha. Bwana Badru ametamka hadharani kwamba isipotengemaa kabla ya safari ya wageni wake mwezi Juni, atanivua ovaroli mbele ya watu.

Wewe umesomea mitambo ya vyombo vya majini, na mashine za namna hii ndizo kazi yako huko. Kwa hiyo ninaleta kwako ombi rasmi: nifanyeje?

Wako katika heshima, na katika umbali unaostahili,
Hebroni Mwasanguti
Fundi Mkuu

*

Mtwara
9 Februari 2025

Kwa Baba Mkwe,
(kwa mkono wa Mama Keziya, kwa kuwa jina la Baba siruhusiwi kulitaja, nami sitaki kulibandika juu ya bahasha ya basi)

Shikamoo Baba. Sisi huku tu wazima. Jubilate aliisoma barua yako kwa sauti, akauliza kwa nini babu anaandika kama mtu anayetushtaki. Nimemweleza kwamba hivyo ndivyo babu anavyopenda watu. Ameridhika, na sasa anaomba chakula kwa maandishi.

Kuhusu mota, kwanza kabisa naomba blanketi litolewe leo, kabla Baba hajamaliza kusoma ukurasa huu. Nyuma ya mota ipo feni inayovuta hewa ya kuipoza. Mtu akimfunika Baba blanketi kisha akamkimbiza na gunia la mpunga mabegani, Baba naye atazima, na hakuna atakayesema ana hitilafu.

Pili, rilei irudishwe kwenye namba ya ampia iliyochongwa kwenye kibao cha mota. Rilei si adui. Inapozima, inatoa taarifa kwamba mota inakula umeme kuliko uwezo wake. Kuipandisha ni kumziba mdomo mlinzi anayepiga kelele za mwizi.

Baada ya hapo tumtafute mwizi. Naomba Baba aitenganishe pampu na mota, azungushe kila moja kwa mkono, jenereta ikiwa imezimwa. Pampu ikiwa nzito au ikikwaruza, lawama ni ya pampu. Zote zikizunguka kwa wepesi, awashe mota peke yake na kuisikiliza. Kisha anieleze jambo moja ambalo barua haikulisema: je, mota inazima boti ikiwa imefungwa bandarini, au ikiwa safarini? Katika kazi hii, swali la kwanza ni "lini", na swali la "kwa nini" linafuata baadaye.

Habari za Aliko nimezisoma. Zilikuwa mstari mmoja. Nashukuru kwa uangalifu wa Baba.

Mkamwana wako,
Kisa

*

Mbugani, Kyela
2 Machi 2025

Kwa Mama Jubilate, mkamwana wangu mheshimiwa.

Ndaga fijo, yaani asante sana, kwa barua yako, ambayo Keziya aliisoma kabla yangu na kuitangaza hadi sokoni. Sasa nikipita, wauza ndizi wananiuliza kama nimevua blanketi. Tu wazima. Mvua imezoa daraja dogo la nyuma ya nyumba, pamoja na bata wa jirani, ambaye alionekana kufurahia. Aliko bado yupo katika shughuli zake.

Nimetekeleza maagizo yako yote. Pampu inazunguka kwa mkono bila kinyongo. Mota peke yake inaimba. Nilipoziunganisha tena, boti ikiwa imefungwa Itungi, mashine ilifanya kazi tangu chai ya asubuhi hadi tulipoitwa kula, nayo ikatoa maji matamu. Nikamwita Bwana Badru, nikamhutubia. Kesho yake tukaondoka kwenda Matema, tukiwa na abiria na akina mama wa Ikombe waliokuwa wakirudi na vyungu vilivyokosa wateja. Tulipopita mdomo wa Mto Lufilyo, mota ikaguna, ikazima.

Hapo, mkamwana, nilifikiri kisomi. Bandarini inakubali, ziwani inakataa. Nikahitimisha kwamba mashine hii ni mzaliwa wa bahari, na kila inapofika kwenye maji mapana inatambua kuwa haipo kwao. Nikanunua chumvi ya mawe katika duka la Bwana Badru mwenyewe, na katika safari iliyofuata nikaimimina ndani ya tangi linaloilisha pampu.

Mama mmoja wa Ikombe alichungulia dirishani akasema, "Fundi, unapika maji au unayatengeneza?"

Nikamjibu, "Mama, hii ni sayansi."

Akasema, "Basi sayansi yako tia na nyanya."

Pampu ilipiga yowe. Mshale wa geji ya shinikizo ulicheza kama mlevi wa arusi. Maji yaliyotoka yalikuwa machache, nayo yalikuwa na ladha ya machozi. Kisha mota ikazima kama kawaida yake, na safari hii abiria hawakucheka, jambo ambalo liliniuma zaidi.

Bwana Badru sasa ameongeza sharti. Wageni wa Juni wanatoka Mbeya, nao wanataka kuikodi boti kwa msimu mzima. Anataka siku hiyo Fundi Mkuu asimame kando ya mashine safari nzima, akiwaeleza wageni, na mashine isizime. "Usipokuwamo chumbani mle," alisema, "wewe si Fundi Mkuu. Wewe ni abiria mwenye nguo nzuri."

Ninangojea mwongozo wako.

Wako katika heshima,
Hebroni Mwasanguti
Fundi Mkuu

*

Mtwara
20 Aprili 2025

Kwa Baba Mkwe.

Shikamoo Baba, na naomba radhi kwa kuchelewa. Jubilate hajambo na jino moja limeota, limepinda kidogo kama la ukoo wenu. Barua ya Baba nilianza kuisoma nikiwa nimesimama karakana. Nilipofika kwenye chumvi nikatafuta mahali pa kukaa.

Baba, chumvi isirudiwe. Mashine ile imejengwa kupambana na chumvi. Kuitilia chumvi ni kumwitia polisi mwizi ili asichoke kukaa bure. Chembe za mawe zinakwaruza viziba vya pampu na kuziba chujio. Naomba tangi lisafishwe kwa maji ya ziwa na chujio libadilishwe. Pampu yenyewe tutaijua ilivyoumia baadaye.

Lakini Baba amenipa jibu zuri kuliko anavyodhani. Bandarini inafanya kazi, safarini inazima. Ziwa halijabadilika, mota haijabadilika. Kinachoongezeka safarini ni mtikisiko wa injini na joto lake. Kwa hiyo kuna mahali ambapo waya au mguso wa shaba unaachia boti inapotetemeka. Mota hiyo inalishwa na waya tatu. Mmoja ukiachia, mota haisimami mara moja. Inaendelea kwa waya mbili huku ikibeba mzigo wa zote tatu, inaguna, inachemka, na rilei inaiokoa. Taa ya majaribio anayoitumia Baba haiwezi kuonyesha jambo hilo. Linahitaji mita inayobana kila waya na kusoma umeme unaopita, wakati boti ikiwa mbioni. Mita ninayo. Likizo yangu ni Juni. Nitakuja.

Sasa lipo jambo jingine, na hilo mita haiwezi kulibana.

Shughuli za Aliko zinaitwa Nancy, na zina duka la vitenge Karonga. Nimejua tangu Novemba. Wafanyabiashara wanavuka mpaka wa Malawi pale Kasumulu kila siku, na hawavuki wakiwa wamefunga midomo. Sikusema kwa sababu Baba hakusema, na niliona tunaheshimiana vizuri katika kutosema huko. Lakini nimesikia pia kwamba baadhi ya watu wa ukoo wanasema mimi si mkamwana tena.

Ikiwa ni hivyo, mila hainifungi. Chumba cha mashine, kwa maelezo ya Mama, kina upana wa mlango wa stoo, lakini kitatutosha. Baba atasimama awaeleze wageni, mimi nitachutama nipime, na ovaroli itabaki mgongoni mwake. Ikiwa bado ni mkamwana, basi hatuwezi kuwamo sote katika chumba hicho, na Baba anajua Bwana Badru atasema nini.

Sitamlaumu Baba kwa jibu lolote. Naomba tu aniandikie kama siku hiyo atakuwamo chumbani.

Kisa

*

Mbugani
11 Mei 2025

Kwa Mama Jubilate, mkamwana wangu mheshimiwa.

Barua yako imefika.

Sitakuwamo.

Hebroni Mwasanguti

*

Mtwara
6 Julai 2025

Kwa Baba Mkwe.

Shikamoo Baba. Tumerudi salama. Jubilate amebeba mchele, kakao mbichi, na maneno matatu ya Kinyakyusa ambayo Mama Keziya anadai si matusi.

Baba anajua ya nje. Naandika ili ajue ya ndani.

Nilipanda boti alfajiri kama tulivyoagizana kupitia kwa Mama, nikashuka moja kwa moja kwenye mashine. Nilisikia Baba akikohoa gatini, nikageukia ukuta. Wageni walipokwisha kupanda, Bwana Badru alisimama katikati yao na kofia yake mpya.

"Fundi Mkuu wangu yuko wapi?"

"Yuko kazini," akajibu Mama Keziya.

"Kazini wapi, na mashine iko hapa?"

"Nyuma."

Watu wote wakageuka. Mimi sikugeuka, Baba, lakini dirisha la chumba kile linatazama nyuma, na ilinibidi kusimama kufungua kisanduku cha umeme. Niliona kamba. Mwisho wa kamba niliona mtumbwi. Ndani ya mtumbwi niliona mgongo, mwavuli, na herufi: FUNDI MKUU. Uso ulitazama Itungi tulikotoka. Kwa hiyo nimeona mgongo, na Baba kabla ya hapo alikuwa na kisigino changu. Nadhani hatujavunja kitu.

Mgeni mmoja akauliza, "Yule mzee ameadhibiwa?"

"Anamheshimu mkwe wake," Mama akasema.

"Kwa kamba?" akauliza Bwana Badru, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona msimu wake ukizama.

Tulipopita mdomo wa Lufilyo, mota ikaguna. Nikabana waya wa kwanza: umeme umezidi. Wa pili: umezidi. Wa tatu: hakuna kitu. Nikazima, nikafungua kontakta, yaani ile swichi kubwa inayoilisha mota. Skrubu ya waya wa tatu ilikuwa imelegea, na uso wa shaba chini yake umeungua mweusi. Bandarini unagusa. Injini ikitetemesha boti, unaachia. Basi. Ndicho kilichomtesa Baba tangu mwaka jana, na wala hakijawahi kuikumbuka bahari.

Nilihitaji kontakta nyingine. Nikamwambia Mama, Mama akaenda ukingoni akapaza sauti:

"Anauliza spea iko wapi!"

Jibu lilikuja na upepo, likiwa limenyooka: "Mwarifu kwamba, kwa kadiri ninavyokumbuka, na endapo hapana mtu aliyeihamisha bila idhini yangu, imo ndani ya kopo..."

"Kopo gani, wewe mwanamume!"

"...la maziwa! La maziwa!"

Niliifunga. Mota ikaimba hadi Matema na kurudi. Pampu inavuja tone moja moja, ukumbusho wa chumvi, nami nimeacha viziba vipya ndani ya kopo hilo hilo. Wageni walikunywa, wakaongeza. Lakini wakati wa kurudi mawimbi yalikuwa yameamka. Niliona mwavuli ukipinduka na kwenda zake. Niliona maji yakiingia mtumbwini na mkono ukiyachota kwa kikombe, safari nzima. Watu walipiga kelele, "Mzee, geuka, shika kamba!" Mgongo haukugeuka.

Sijui namna ya kuandika shukrani kwa lugha ya Baba. Kwa yangu ni: nimeona.

Mkamwana wako,
Kisa

*

Mbugani, Kyela
3 Agosti 2025

Kwa Mama Jubilate, mkamwana wangu mheshimiwa.

Ndaga fijo. Ni matumaini yangu kwamba mjukuu wangu anaendelea kuota meno kwa mpangilio. Maneno yale matatu asiyatamke kanisani. Mimi nilipata mafua, ambayo Keziya aliyatibu kwa kunicheka. Mpunga tumevuna.

Mota haijazima tangu ulipoondoka. Viziba nimevifunga mwenyewe, kwa kufuata mchoro wako, bila kuongeza kiungo chochote. Wageni wa Mbeya wameikodi boti. Hata hivyo Bwana Badru ameshikilia tamko lake. Alifika nyumbani akiwa amevua kofia, akaeleza kwamba anaendelea kuniheshimu, lakini mtu aliyekokotwa na boti hawezi kuwa mkuu wa boti hiyo. Ovaroli ameichukua. Amefumua neno MKUU na kuirudisha kwangu ikiwa na FUNDI peke yake, na mahali pa lile neno pamebaki kivuli kinachosomeka bado jua likiwa kali. Sikukata rufaa. Nilikuwa nimekwisha kulijibu suala hilo mwezi Mei.

Sasa naomba kukuarifu juu ya shauri ambalo, kwa uzembe wangu, nililiita shughuli.

Jumapili iliyopita Aliko alivuka kutoka Karonga na yule dada Nancy, ili amlete kwetu rasmi. Shangazi zake walikuwa wamejaa uani. Keziya alipoona wanakuja njiani aliniambia, "Mzee, toka, mkamwana anafika." Shangazi wote wakanitazama. Walikwisha kunifungulia njia ya kupitia nyuma ya jiko.

Nilibaki kwenye kiti changu.

Walipoingia, nilisimama, nikamtazama yule dada usoni, nikampa mkono. Nikamwuliza habari za safari, habari za Karonga, na kama vitenge vinanunuliwa. Nikamvutia kigoda karibu na changu, nikammiminia chai kwa mkono wangu mwenyewe. Ni dada mwenye adabu, sina neno baya juu yake, nami nilimpokea kama ninavyompokea mgeni yeyote anayepita. Shangazi mkubwa alijifunika uso kwa kanga. Yule dada, ambaye kwao wanazijua mila zetu, aliutazama mkono wake nilioushika, akaelewa kabla ya mwanangu.

Aliko akaninong'oneza, "Baba, mbona hukimbii?"

Nikamjibu kwa sauti ya kutosha uani kote: "Mwanangu, magoti haya yana mkamwana mmoja tu wa kumkimbia, naye yuko Mtwara."

Mkweo,
Hebroni Mwasanguti